Saa Mbili Katika Kompyuta Moja

Mfasiri wa maelezo ya kompyuta hukutana na neno saa katika maana mbili zilizokaribiana mno. Asipozitenga, humpoteza msomaji. Yafaa basi tuitazame kwanza historia ya vyombo vyenyewe.

Kompyuta ya IBM iliyoitwa PC AT, ya mwaka 1984, ilikuwa na chipu ya saa iliyotegemea betri. Umeme ulipokatwa, chipu iliendelea kuhesabu. Kompyuta zilizoifuata njia hiyo zilirithi saa yake. Prosesa za ARM, ambazo ya kwanza ilifanya kazi huko Cambridge, Uingereza, Aprili 1985, hazikuwa na urithi huo. Kila mtengenezaji wa bodi aliamua mwenyewe kama saa itiwe au isitiwe. Raspberry Pi ya mwaka 2012 haikuwa nayo. Ile ya tano, ya mwaka 2023, inayo, ila betri hununuliwa mbali.

Tunaiita chipu hiyo saa ya maunzi. Saa ya mfumo ni kitu kingine: ni hesabu ya sekunde tangu 1 Januari 1970, inayotunzwa na kiini cha Linux maadamu mashine inawaka. Kiini kisipoiona saa ya maunzi, tarehe yaweza kurudi 1970, na vyeti vya usalama vya mtandao vikakataliwa kana kwamba muda wake haujaanza.

Katika bodi nyingi za ARM kiini hakivumbui vifaa vya namna hii chenyewe. Huelezwa na jedwali la vifaa. Saa isiyoandikwa humo ni kama haipo. Tena zipo bodi zenye saa mbili, moja bila betri, na kiini huweza kuisoma hiyo kwa kuwa tu imetangulia kuorodheshwa. Kurekebisha kasoro hii huenda kukahitaji mistari michache tu. Kuyajaribu marekebisho ndiko kunakodai lugha makini.

Agizo la “zima, kisha washa” halitoshi, kwani bodi iliyozimwa yaweza kuwa ingali inapata umeme, na saa isiyo na betri ikaonekana nzima. Anayejaribu aambiwe achomoe waya wa umeme, angoje dakika kadhaa, na asiunganishe mtandao, usije ukaisahihisha saa ya mfumo kabla hajaisoma. Agizo la “linganisha saa” ni baya zaidi: ipi ifuate ipi? Akiiandika 1970 ya saa ya mfumo katika saa ya maunzi, amekifuta kile alichokuja kukipima. Twapendekeza kusoma kutoka na kuandika katika, kulinganisha kuachwe.

Liko pia jambo la majira. Kwa kawaida Linux huiacha saa ya maunzi ishike majira ya kimataifa. Saa moja asubuhi ya Dodoma, ambayo saa ya ukutani huionyesha 07:00, katika chipu ni 04:00. Asiyeelezwa hivyo ataandika kwamba saa imechelewa kwa saa tatu, na marekebisho yaliyo sahihi yatakataliwa.