Kiambaza cha Pua

Kijana wa bodaboda aliyeketi karibu nami kwenye benchi la kliniki ya masikio, pua na koo mjini Kisumu alikuwa na pua nzuri tu. Kwa nje haikuwa imekwenda kombo popote. Mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka na pikipiki, uvimbe ukaisha, akarudi barabarani. Ila tangu siku hiyo tundu la kushoto lilikuwa kama mlango uliokomewa kwa ndani. Alilala mdomo wazi, akakoroma hadi mkewe akahamia sebuleni, na kila asubuhi aliamka koo limekauka kama omena wa siku tatu juani.

Alipotoka kwa daktari alikuwa na karatasi yenye neno moja refu. Akanigeuzia. "Mzee, hebu nisomee hili." Nikamsomea: septoplasti. "Ndiyo nini?" Nami, bila kufikiri, nikamjibu: "Upasuaji wa pua." Akaishika pua yake kwa vidole viwili kana kwamba nataka kumnyang'anya. "Mimi sikuja kutafuta pua ya kizungu, mzee. Mimi nataka pumzi."

Nilimpa tafsiri mbovu, na makala hii ni deni langu kwake.

Neno lenyewe lina vipande viwili. Septamu ni la Kilatini, na asili yake ni uzio, kitu kinachotenga huku na kule. Plasti ni la Kigiriki: kufinyanga, kama wafanyavyo akina mama wafinyanzi wa Nyanza na udongo wao. Lina ndugu yake, rinoplasti, ambalo kichwa chake ni neno la Kigiriki la pua, lile lile linalopatikana katika jina la Kizungu la kifaru, mnyama mwenye pembe puani. Rinoplasti hushughulikia umbo la pua inayoonekana. Septoplasti haigusi sura. Daktari hupitia ndani ya tundu, na mgonjwa akitoka, jirani hana la kusema. Ukiyaita yote mawili "upasuaji wa pua," umemchanganya anayetafuta urembo na anayetafuta hewa, na huyu wa pili ataona aibu na kurudi nyumbani.

Basi tuiiteje hiyo septamu? Wapo wanaosema kiwambo. Neno zuri, lakini kiwambo ni kitu kilichowambwa, ngozi iliyovutwa juu ya ngoma. Ni chembamba na kinatikisika, na tayari kinatumika kwa msuli ulio chini ya mapafu. Wapo wanaosema ukuta wa kati, na Kisumu nzima itaelewa. Hata hivyo mimi nashikilia kiambaza. Kiambaza ni ukuta wa fito uliokandikwa udongo pande zote mbili, na ukikipasua kiungo hiki, hicho ndicho unachokikuta. Katikati kuna fito: mbele ni gegedu, lile linalopindika ukibonyeza ncha ya pua, na nyuma ni mifupa myembamba, mmojawapo ukiitwa kwa Kilatini jina la jembe la plau kwa jinsi ulivyokatika. Juu ya fito hizo, kulia na kushoto, kumekandikwa kiwamboute, ile ngozi laini yenye unyevu na damu nyingi inayopasha hewa joto na kunasa vumbi. Sijaona neno jingine la Kiswahili lililobeba fito na udongo kwa pamoja.

Kiambaza kilichonyooka kabisa ni adimu. Wengi wetu tunacho kilichopinda kidogo, tangu kuzaliwa au kwa kiwiko cha beki utotoni, na hatujui. Shida huanza mpindo unapoangukia mahali pabaya, na mahali pabaya kuliko pote ni karibu kabisa na mlango, ambapo njia ya hewa ni nyembamba kiasili. Karibu nusu ya ukinzani wote ambao hewa hukutana nao kutoka nje hadi mapafuni hutokea puani, mara nyingi hata zaidi ya nusu. Na ukinzani haupandi ngazi moja moja. Katika bomba laini ambalo hewa inapita taratibu, ukipunguza upana kwa nusu, ukinzani huongezeka mara 16. Pua si bomba laini, lakini hesabu hiyo inaonyesha kwa nini milimita mbili za gegedu zinaweza kumnyima mtu usingizi.

Mtu wa ziwani hahitaji hesabu hizo; aende Mbita. Ghuba ya Winam, iliyo mbele ya Kisumu, hupumua na ziwa kuu kupitia mapito yanayozunguka kisiwa cha Rusinga: moja pana upande wa kaskazini, jingine jembamba kati ya kisiwa na Mbita. Miaka ya 1980 hilo jembamba lilizibwa kwa tuta ili magari yavuke. Ghuba haikufa, maana mlango mkubwa ulibaki wazi, lakini pale kwenye tuta maji yalituama na wavuvi walilalamika kwa miaka. Baadaye likajengwa daraja, tuta likafunguliwa. Hakuna aliyepanua ziwa. Kilichofanyika ni kuondoa kizuizi kwenye mkondo, na septoplasti haina ahadi kubwa kuliko hiyo.

Lakini pua ni danganyifu. Kwenye kuta za nje za kila tundu kuna vinundu vyenye damu vinavyovimba na kusinyaa, na huachiana zamu: kwa saa kadhaa upande wa kulia hubana na wa kushoto huachia, kisha hubadilishana. Mtu mwenye kiambaza kilichopinda kushoto huzoea ubano wa kushoto, zamu ya kulia inapofika ndipo anapokabwa, naye humwambia daktari, "Ni huku kulia." Zaidi ya hayo, upande wenye nafasi kubwa vinundu hivyo hukua kuijaza. Mitaani vinundu hivi huitwa nyama za pua, jina ambalo pia umepewa uvimbe laini unaoning'inia puani kwa watu wazima, na tena tezi za nyuma ya pua zinazowasumbua watoto. Vitu vitatu, tiba tatu, jina moja. Nikisikia mtu "amekatwa nyama za pua" huwa nauliza zipi, na mara nyingi hajui.

Udanganyifu mwingine uko kwenye kikopo cha Vicks. Mentoli iliyomo haifungui chochote. Huamsha neva za ubaridi ndani ya pua, na ubongo, ambao hupima hewa kwa ubaridi wake, huamini kwamba njia imefunguka. Matone ya kuzibua ni afadhali kwa kuwa husinyaza vinundu kweli, ila yakitumiwa zaidi ya siku chache pua huziba upya yanapoachwa, na mtu hubaki mtumwa wa chupa. Na mwenye pua iliyoziba huwezi kumficha: m yake hugeuka b, mama akasikika baba, na Manyatta ikawa mtaa usiojulikana hata na matatu.

Kipimo kimoja unaweza kukijaribu sasa hivi. Weka kidole shavuni kando ya pua, vuta ngozi taratibu kuelekea sikio, kisha vuta hewa. Ikiwa njia inafunguka waziwazi, huenda tatizo liko kwenye ule mlango mwembamba wa mbele, na hilo daktari atataka kulijua kabla ya kushika kisu. Kipimo hiki kina jina la Maurice Cottle, daktari wa Chicago, na hapa ndipo historia inapoingilia istilahi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Otto Freer huko Chicago na Gustav Killian huko Ujerumani walikuwa wakibandua kiwamboute na kulikata gegedu lililopinda, sehemu kubwa yake. Hewa ilipita. Tatizo ni kwamba gegedu hilo pia ni nguzo, na likiondolewa kupita kiasi mgongo wa pua hudidimia ukafanana na tandiko la punda. Walijifunza kuacha ukanda wa sentimita moja hivi juu na mbele ili paa lisianguke. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 Cottle alikuwa akitetea njia nyingine: lihifadhi gegedu, likwangue, lilainishe, lirudishe katikati. Kwa hiyo "kukata kiambaza" na "kunyoosha kiambaza" ni upasuaji wa vizazi viwili tofauti. Kinachofanyika siku hizi ni kunyoosha, hata pale kipande kinapoondolewa, nami ningeandika unyooshaji wa kiambaza cha pua. Rinoplasti ibaki upasuaji wa umbo la pua. Kuna aliyependekeza nitumie kitenzi cha kuumba. Nilikataa kwa kuogopa mnyambuliko mmoja tu, kwamba anayekwenda kuumbwa asije akaumbuliwa. Lugha hii ina mizaha yake: vifaa vinavyoingia puani ni vya chuma cha pua.

Kwa watu wa bodaboda kuna jambo la haraka kuliko istilahi. Kofia isiyofunika uso haiilindi pua. Pua ikigongwa, damu inaweza kuvuja kati ya gegedu na kiwamboute, kama maji ya mvua yanavyopenya kati ya fito na udongo. Gegedu halina mishipa ya damu yake lenyewe, hulishwa na ngozi iliyolifunika; likitengwa nayo kwa siku mbili tatu, huoza, na pua hudidimia. Ukiona pua imeziba pande zote baada ya kugongwa na ndani kuna uvimbe laini, nenda siku hiyo hiyo. Mfupa uliovunjika hurudishwa mahali pake kwa urahisi ndani ya wiki mbili hivi, kwa watoto mapema zaidi. Ukipita hapo, kwa kawaida utaambiwa usubiri miezi kadhaa.

Mtu wa Kondele hana safari ndefu; Kondele na Russia ni pua na mdomo. Russia ndiyo hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa Oktoba 1969, siku iliyoishia kwa risasi na misiba. Bango limebadilishwa, Umoja wa Kisovieti umesambaratika, na makanga bado anaita Russia. Watu hubatiza kwa walichokiona. Istilahi inayotungwa mezani isiposhika kitu ambacho jicho linakijua, itabaki mezani.

Je, unyooshaji huo unafaa? Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019, ukiwa na watu wazima 203, ulikuta waliopasuliwa wakipumua na kuishi vizuri zaidi kuliko waliotibiwa bila kisu. Si wote. Mwenye mzio wa vumbi atabaki nao, na aliye na ugonjwa wa kukatikiwa pumzi usingizini asidhani pua peke yake itauponya. Tena kuna hatari moja ninayoitaja kwa sababu ya niliyoyasikia mtaani Obunga.

Nilikwenda huko kwa mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayokaangwa hadi ikatafunika, na moshi wake ulinipimia pua bila daktari. Nikamuuliza mama aliyekuwa akikaanga: nikisema kiambaza kimepinda, unaelewa nini? "Sisi tunasema ukuta," akanijibu, akigeuza mifupa. Na ukuta wako wa udongo fito yake ikipinda, mama, unafanyaje?

"Unabandua udongo upande mmoja, unaivuta ile fito, unaikata au unaiegemeza, halafu unakandika tena."

Upande mmoja tu?

"Ukibandua pande zote mbili mahali pamoja utatoboa, mwanangu. Usiku upepo wa ziwa utakupigia filimbi."

Wenye kiambaza cha pua kilichotobolewa hulalamikia hicho hicho: filimbi, kila wakivuta pumzi.