Malindi

Malindi ni mji wa bandari na utalii katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, takriban kilomita 120 kaskazini-mashariki mwa Mombasa, karibu na mlango wa mto Sabaki.

Mwaka 1498 baharia Mreno Vasco da Gama alipokewa vizuri hapa na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Nguzo ya Wareno ingali imesimama kwenye rasi. Baadaye mji ulififia. Ulifufuka karne ya 19 chini ya masultani wa Zanzibar, kwa mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa, habari ambayo vipeperushi vya watalii huikwepa.

Hoteli za ufukweni zilianza miaka ya 1930, zikiwahudumia walowezi Waingereza na wavuvi wa burudani. Ernest Hemingway alivua samaki hapa mwaka 1934.

Sura iliyoupa mji umaarufu, hata hivyo, ililetwa na Waitalia. Miaka ya 1960 wanasayansi wao walianza kurusha roketi baharini karibu na Ngomeni, kutoka jukwaa la San Marco, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Wakafuata watalii, kisha wenye majumba, migahawa ya piza na kasino, hata wachuuzi wa ufukweni wakakimudu Kiitaliano.

Ghasia za uchaguzi wa 2007 na mashambulizi ya kigaidi ya muongo uliofuata yaliwapunguza wageni wa Ulaya. Hoteli kadhaa zilifungwa. Nyingine zikageukia Wakenya wa bara wanaoteremka pwani likizo ya Desemba.