Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga: Nyumba ya kupanga ya Ligi Kuu

ALHAMISI ya Oktoba 22, 2020, zikiwa zimebaki siku sita tu Watanzania wapige kura katika Uchaguzi Mkuu, mji wa Sumbawanga ulikuwa na jambo jingine la kuzungumza mbali na siasa. Simba, mabingwa wa Tanzania Bara kwa misimu mitatu mfululizo, walikuwa mjini. Walikuja wakiwa hawajapoteza mchezo hata mmoja tangu msimu uanze, na waliondoka wakiwa wamefungwa bao 1-0.

Bao hilo lilifungwa na mshambuliaji wa Tanzania Prisons, Samson Mbangula, muda mfupi baada ya mapumziko, katika dakika ya 49. Lilitosha. Wekundu wa Msimbazi walikuwa wameonja kipigo cha kwanza cha msimu wa 2020/21, tena katika uwanja ambao mashabiki wao wengi wa Dar es Salaam wasingeweza kuuonyesha kwenye ramani: Nelson Mandela, Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa.

Kwa siku chache jina la uwanja huo lilikuwa kwenye kila kijiwe cha soka nchini. Waliokuwa hawajui wakafahamishwa kwamba timu iliyoshinda si ya Rukwa. Tanzania Prisons ni timu ya Jeshi la Magereza, na maskani yake ya miaka yote ni Mbeya. Sumbawanga ilikuwa mwenyeji, lakini timu ilikuwa mpangaji.

Sababu ya upangaji huo inaeleweka vizuri mtu akiitazama Mbeya yenyewe. Ligi Kuu ya msimu wa 2020/21 ilikuwa na timu 18, na tatu kati ya hizo zilitoka mkoa huo mmoja: Prisons, Mbeya City na Ihefu ya Mbarali iliyokuwa imepanda daraja. Uwanja uliokuwa ukitegemewa ulikuwa mmoja, Sokoine, unaomilikiwa na Chama Cha Mapinduzi. Ihefu ilifungua msimu hapo hapo Sokoine kwa kuikaribisha Simba, Septemba 6, 2020, ikafungwa mabao 2-1. Nyasi zinazochezewa na timu tatu za Ligi Kuu hazipati nafasi ya kupumua, hasa mvua zikianza.

Rukwa, kwa upande wake, ilikuwa na uwanja lakini haikuwa na timu hata moja katika Ligi Kuu. Prisons ikafungasha virago ikavuka Tunduma.

Kwa timu ya taasisi kama Magereza, uhamisho wa namna hiyo si jambo zito kama ungekuwa kwa klabu ya wanachama. Yanga haiwezi kuihama Jangwani bila kuzua vurugu, na Simba bila Msimbazi haifikiriki. Wachezaji wengi wa timu za majeshi, hata hivyo, ni askari, na askari huenda anakopangiwa. Wajelajela, kama mashabiki wanavyowaita, wangeweza kuhamishiwa mkoa mwingine na bado wakabaki ni Wajelajela wale wale.

Lakini kuna jambo ambalo Prisons walilipata Sumbawanga ambalo halikuandikwa katika kanuni yoyote ya ligi, nalo ni jiografia.

Sumbawanga iko juu ya uwanda wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Katika kimo hicho mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 tu ya ule wa pwani. Mchezaji aliyezoea Dar es Salaam huhema mapema kuliko alivyotarajia, na mpira uliopigwa kwa nguvu husafiri mbali zaidi na kwa kasi zaidi kwa kuwa hewa inayouzuia ni nyepesi. Anayepiga pasi ndefu kwa vipimo vya pwani huuona mpira ukitoka nje.

Si kimo cha kutisha kama cha La Paz nchini Bolivia, mji ambao ulikuwa kiini cha malumbano mwaka 2007 pale Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) lilipopiga marufuku mechi za kimataifa juu ya mita 2,500, kabla ya kuachana na katazo hilo mwaka uliofuata. Hata hivyo kinatosha kumchosha mgeni. Prisons hawakuwa wageni wa hali hiyo: Mbeya nayo iko kwenye mita zipatazo 1,700, hivyo mapafu yao yalihama bila kuona tofauti.

Kisha kuna safari. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilomita zaidi ya 800, kutoka Mbeya hadi Tunduma kama 100, na kutoka Tunduma hadi Sumbawanga zipatazo 220. Timu zenye uwezo hupanda ndege hadi Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012, lakini kutoka hapo basi haliepukiki. Timu isiyo na fedha za ndege husafiri kwa basi mwanzo hadi mwisho.

Hata hizo kilomita 220 zina historia yake, na bila historia hiyo pengine kusingekuwa na Ligi Kuu Sumbawanga. Kwa miaka mingi barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Mahindi ya Rukwa, mkoa unaohesabika miongoni mwa mikoa minne mikubwa kwa zao hilo pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, yalikuwa yakikwama njiani wakati mikoa mingine ikililia chakula. Februari 2008, Rais George W. Bush wa Marekani alipozuru nchini, yeye na Rais Jakaya Kikwete walitia saini mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia (MCC) wenye thamani ya dola milioni 698, na barabara hiyo ikawa miongoni mwa miradi iliyofadhiliwa. Ilikatwa vipande vitatu: Tunduma hadi Ikana, Ikana hadi Laela, na Laela hadi Sumbawanga.

Lami ilikusudiwa kubeba magunia ya mahindi. Ikabeba na mabasi ya Simba na Yanga.

Jina la uwanja nalo lina uzito wake. Mandela si mgeni kabisa katika pembe hii ya nchi. Januari 1962, mwezi mmoja tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, aliondoka Afrika Kusini kwa siri, akapitia Bechuanaland ambayo sasa ni Botswana, na ndege ndogo aliyopanda ikatua Mbeya. Kutoka huko alikwenda Dar es Salaam kuonana na Mwalimu Julius Nyerere kabla ya kuendelea na safari yake hadi Addis Ababa. Katika kitabu cha maisha yake aliieleza hoteli ya Mbeya ambako kwa mara ya kwanza aliwaona watu weusi na weupe wakichanganyika bila kizuizi.

Jina hilo huchanganya watu, kwa kuwa Afrika ina viwanja kadhaa vya Mandela. Uganda inao Namboole, uliofunguliwa mwaka 1997. Algeria ilizindua wa kwake huko Baraki, Algiers, Januari 2023. Wa Sumbawanga ni mdogo mno mbele ya hivyo, ingawa si ajabu kwamba ndio uliowaumiza Simba.

Na jina la mji wenyewe? Katika lugha ya Kifipa, Sumbawanga hufasiriwa kuwa ni "tupa uchawi". Katika soka ya Tanzania, ambako maneno "kamati ya ufundi" mara nyingi hayahusiani kabisa na ufundi, tafsiri hiyo haikosi kuzua utani kila timu kubwa inapokwenda huko na kurudi mikono mitupu. Kwa haki kabisa, mji umeshatoa tangazo langoni kwamba hirizi ziachwe nje.

Baada ya Simba ilifuata zamu ya Yanga. Desemba 31, 2020, siku ya mwisho ya mwaka, timu hizo zilitoka sare ya bao 1-1. Yanga ilikuwa katika mbio nzuri wakati huo, ikiongoza ligi bila kufungwa, na pointi mbili zilizobaki Sumbawanga zilikuja kukumbukwa baadaye Simba ilipotwaa ubingwa wake wa nne mfululizo. Si kweli kwamba ubingwa ulipotelea Ufipa, kwani Simba nao waliacha pointi tatu pale pale. Lakini ni ukweli kwamba ndani ya miezi mitatu vigogo wote wawili walipanda uwanda huo na hakuna aliyeshuka na ushindi.

Yanga walirudi Aprili 30, 2021, safari hii kwa mchezo wa Kombe la Shirikisho la Azam. Bao pekee la Yacouba Songne liliwapeleka robo fainali, na hatimaye walifika fainali iliyochezwa Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika, Julai 25, 2021. Huko Simba walishinda 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga.

Mwaka huo ulikuwa wa neema kwa miji ya magharibi isiyozoea mechi kubwa. Mei 2021 Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) na Azam Media walitia saini mkataba wa haki za televisheni wa miaka kumi wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Kwa mkazi wa Sumbawanga aliyezoea kuitazama Dar es Salaam kwenye luninga, sasa Dar es Salaam nayo ilikuwa ikiitazama Sumbawanga.

Desemba 19, 2021, Yanga walicheza tena kwenye Uwanja wa Nelson Mandela. Mbangula, yule yule, alitangulia kufunga mapema, na kwa dakika kadhaa ilionekana kana kwamba hadithi ya Simba inajirudia. Feisal Salum akasawazisha, Khalid Aucho akaongeza la pili kabla ya mapumziko, mchezo ukaisha 2-1. Yanga walimaliza msimu huo wa 2021/22 wakiwa mabingwa bila kupoteza mchezo wowote wa ligi, na walikuwa wametanguliwa kwa bao Sumbawanga.

Ilipofika msimu wa 2022/23, Prisons walikuwa wamekwisha kurudi Mbeya. Septemba 14, 2022, waliikaribisha Simba katika Uwanja wa Sokoine na kufungwa 1-0, bao la Jonas Mkude. Sumbawanga ilibaki na uwanja wake, mashabiki wake na kumbukumbu ya wageni.

Si Rukwa peke yake iliyopitia hayo. Ihefu, ile iliyobanana na Prisons pale Sokoine, ilishuka daraja mwaka 2021, ikapanda tena, na safari hii ikacheza kwao Mbarali katika Uwanja wa Highland Estate. Novemba 29, 2022, ndipo Yanga walipofungwa mabao 2-1 na mwendo wao wa mechi 49 za ligi bila kupoteza ukakatika. Mbarali nayo ikajulikana nchi nzima kwa usiku mmoja. Mwaka 2024 timu hiyo ilihamishiwa Singida na kubadilishwa jina kuwa Singida Black Stars.

Klabu zinazomiliki viwanja vyao ni za kuhesabu. Azam FC wana Chamazi tangu mwaka 2010, Mtibwa Sugar wana Manungu kwenye mashamba ya miwa. Nyingine nyingi hutegemea viwanja vya CCM, vya halmashauri au vya Serikali, na kila msimu hutaja uwanja wa nyumbani ambao hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa. Uwanja ukifungiwa, au ukiwa na wapangaji wengi, timu hutafuta mwingine. Mji unaoipokea hupewa mechi, haupewi timu.

Kwa mpenzi wa soka wa Sumbawanga anayetaka kuwaona Prisons tena, njia ni ile ile waliyopita wao: Laela, Tunduma, Mbeya, kilomita zaidi ya 320 za lami, kisha kiingilio cha Sokoine.