Kucheza kwa Mtoto Tumboni

Wewe msomaji, bila shaka umezoea historia ya vita na mapatano ya wakubwa. Leo nakuomba uitazame historia ya jambo lisilo na mnara wala sanamu, nalo ni kucheza kwa mtoto tumboni mwa mamaye.

Nianzie Nyansiongo, katika Borabu, kaunti ya Nyamira. Ni nchi ya vilima na baridi, karibu na mpaka wa Wakipsigis. Zamani za ukoloni sehemu kubwa ya Borabu ilikuwa mashamba ya Wazungu. Katika miaka ya 1960 Abagusii wengi walipata viwanja huko kwa mikopo ya serikali, wakapanda chai. Mwanamke wa huko huchuma chai kikapu mgongoni, hata mimba ikiwa kubwa. Na desturi ya Abagusii haikupenda mimba itajwe hadharani, kwa kuogopa kijicho. Basi mja mzito aliyehisi mabadiliko hakuwa na wengi wa kuwaambia, ila pengine mama mkwe au mkunga mzee.

Usidhani kwamba mabingwa wa Ulaya walikuwa mbele sana. Mpaka mwanzo wa karne ya 19 tegemeo lao kubwa lilikuwa neno la mama na mkono uliowekwa tumboni. Mwaka 1816 Laennec, tabibu wa Paris, alibuni chombo cha kusikilizia kifua. Mwaka 1821 Mfaransa mwenziwe, Kergaradec, alikiweka chombo hicho juu ya tumbo la mja mzito, akitumaini kusikia maji yakitikisika mtoto anapogeuka. Alichosikia ni moyo wa mtoto, ukienda mbio kuliko ule wa mama! Mwaka 1895 Pinard alitengeneza pembe ndogo ya mti, ambayo wakunga wetu wanaitumia hata leo. Na mwaka 1958 Ian Donald wa Glasgow alitangaza picha zilizopigwa kwa mawimbi ya sauti.

Vyombo vilipozidi, neno la mama lilipungua thamani. Lakini mwaka 1976 Pearson na Weaver, wa Cardiff, walilirudia. Mama alihesabu mtoto anavyocheza tangu saa tatu asubuhi. Ikiwa hakufikisha mara 10 hata saa tatu usiku, alipaswa kutoa habari. Ilionekana njia njema, tena haina gharama. Kumbe jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 1989, la wanawake wapatao 68,000, halikuonyesha kwamba hesabu hiyo ilipunguza vifo.

Wako waliodhani basi kucheza kwa mtoto hakuna maana. Mimi naona walikosea, kwa maana kilichoshindwa ni hesabu, si mama. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani halikuagiza wanawake wote wahesabu kila siku, ila lilitaka waelezwe umuhimu wa kucheza kwa mtoto katika miezi mitatu ya mwisho, na watoe habari kukipungua.

Utasikia watu wakisema kwamba mtoto anayekaribia kuzaliwa hutulia kwa kukosa nafasi. Si kweli. Kila mtoto ana desturi yake ya kucheza, naye huendelea nayo hata uchungu uanze. Akipunguza, huenda kondo la nyuma halimpi hewa na chakula cha kutosha, naye anabana nguvu zake. Hapo mama hangoji kesho. Huenda hospitali siku ile ile.

Katika kijiji nilichoanzia kazi ya ualimu, jirani yetu mmoja alihisi kimya jioni, akaona haya kumwamsha mumewe. Asubuhi alichuma chai kwanza, akidhani mtoto amelala. Alipofika zahanati ilikuwa mchana, na pembe ile ya mti haikusikia kitu. Mkunga alimwuliza ni tangu lini. Alijibu bila kusita: tangu jana, baada ya chakula cha jioni.