Tingatinga: Neno Moja, Maana Mbili

Nachingwea na Ruangwa zina haki ya kulitafakari neno tingatinga. Maana ya kwanza ni mtambo. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, uling'oa kwa mitambo misitu ya Nachingwea. Ukavunjwa mwaka 1951.

Maana ya pili ni mtu: Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru jirani mwaka 1932, baba Mngindo, mama Mmakua. Jina alilirithi kwa babaye. Jijini Dar es Salaam alichora wanyama na ndege wa nyika kwa rangi za baiskeli juu ya silingibodi. Alifariki mwaka 1972. Wanafunzi wake wakaendeleza mtindo, ukaitwa kwa jina lake.

Washairi, maana hii nayo tusiiache nje ya kamusi zetu.