Flashi ya uokoaji ya Linux na uwashaji salama

Flashi ya uokoaji ya Linux hubeba mfumo mzima wa uendeshaji unaowaka bila kutegemea diski ya kompyuta. Fundi huitumia kunusuru mafaili Windows ikigoma. Kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, penye ofisi za karasha na plenti za uchenjuaji wa dhahabu zinazotegemea jenereta, umeme ukikatika ghafla diski nayo huweza kuharibika. Kwenye kompyuta nyingi za miaka ya karibuni, flashi hiyo hukutana kwanza na uwashaji salama, unaoandikwa Secure Boot kwenye mipangilio ya UEFI, programu ya ndani inayoiwasha kompyuta.

Kinga hii ilienea na Windows 8 mnamo Oktoba 2012. UEFI hukagua saini ya kidijitali ya programu inayotangulia kuwaka, na isiyoaminika huikataa, ili virusi visiuwahi mfumo. Wengi huamini imewekwa kuizuia Linux. Sivyo. Microsoft husaini shim, programu ndogo iliyoanzishwa na Matthew Garrett. Shim huikagua GRUB, programu inayopakia mfumo, kisha GRUB huita kerneli, yaani kiini cha Linux, yenye saini. Ubuntu, Fedora na Debian, tangu toleo la 10 la 2019, huwaka hivyo bila kugusa mipangilio: bonyeza F12 kwenye Dell au Lenovo, F9 kwenye HP, uchague flashi. Flashi ya SystemRescue haina saini hiyo. Ventoy, zana ya kutengenezea flashi za kuwashia, hutaka ufunguo wake usajiliwe kwanza. Baadhi ya laptopu za Lenovo za tangu 2022 hukataa hata shim mpaka cheti cha watengenezaji wengine kiruhusiwe.

Mafundi wengi hukimbilia kuizima kinga, na hapo ndipo wanapoponzwa. Kinga ikizimwa, diski iliyofungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, huweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo hata Linux haisomi kitu. Ufunguo utafutwe kwanza, aghalabu kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine.

Flashi iliyokaa kabatini nayo huchacha. Baada ya BootHole, kasoro ya GRUB, kufichuliwa 2020, GRUB za zamani zilianza kufutiwa imani, na sasisho la Windows la Agosti 2024 lilizikataa shim nyingi za zamani. Dawa ni kupakua toleo jipya, kazi inayokula bando. Cheti cha 2011 kilichotumika kusaini shim kina ukomo wa Juni 2026. Shim zinazosainiwa kwa cheti cha 2023 pekee huwaka tu kwenye mashine zilizokipokea cheti hicho.