Nje ya Mtandao: Historia Fupi ya Istilahi Yenye Utata

Mwalimu wa Bukiriro, wilayani Ngara, apokeapo faili ya chati ya takwimu iliyoelezwa kuwa ni ya "nje ya mtandao", hutarajia kuiona hata pasipo mawimbi ya simu. Je, ataiona? Hatuna budi kurejea historia.

Chati alizochapisha William Playfair mjini London mwaka 1786 zilikuwa za kutazamwa tu. Zama zetu zimeleta chati shirikishi, ambayo hujibu iguswapo. Plotly, programu iliyoasisiwa Montreal, Kanada, awali ilitegemea seva ya mbali. Novemba 2015 msimbo wa maktaba yake ya kuchorea ulitolewa wazi kwa umma, na mwandishi wa programu kwa lugha ya Python akaweza kuchora ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Mwaka 2019 njia hiyo ikawa ndiyo ya kawaida.

Utata umo katika kuhifadhi. Faili yaweza kubeba maktaba hiyo, ikawa na uzito wa megabaiti 3 au zaidi. Au ikawa nyepesi, ikiiagiza maktaba mtandaoni kila ifunguliwapo. Hii ya pili, mtandao ukikosekana, haionyeshi chati yoyote. Nayo pia yaweza kuitwa ya "nje ya mtandao", kwa kuwa ilichorwa hivyo!

Twapendekeza "chati jitoshelevu" kwa ile ya kwanza na "chati tegemezi" kwa ya pili. Hatudai kuwa zitapokewa: ngamizi na tarakilishi nazo zilipendekezwa kwa nia njema, na nchini mwetu wengi wangali wakisema kompyuta.